Godoro Kuukuu kwa Bei ya Jipya

Kila mwisho wa mwezi, katika mitaa yetu hii ya Waislamu, hukosi kuona mkokoteni umesimama mlangoni, hamali amekwisha kufunga kamba, na barazani watu wawili wameshikana kwa maneno. Mmoja anahama, na mwengine ndiye mwenye nyumba. Hawagombani juu ya kodi, kwani kodi imelipwa. Wanagombana juu ya mguu wa kiti, na kioo cha kabati, na doa la godoro. Watoto wamekusanyika kutazama, na wanawake wanachungulia madirishani. Na wote wawili, ukiwauliza, wametoka pamoja kuswali laasiri katika msikiti mmoja.

Sisi twasema kwamba jambo hili ni aibu, na zaidi ya aibu ni dhulma, na dhulma yenyewe mara nyingi iko upande ule ambao watu hawautazami. Imekuwa ada yetu kumlaumu anayehama. Yeye ndiye mgeni, ndiye asiye na jamaa mtaani, na ndiye anayeonekana akibeba vitu. Mwenye nyumba ni mtu wetu, twamjua baba yake na babu yake, basi akisema, "Kaniharibia vyombo vyangu," sote twatikisa vichwa na kumsikitikia. Leo tutasema yasiyopendeza, na atakayekasirika na akasirike, lakini kwanza asome mpaka mwisho.

Mwaka uliopita niliitwa nyumba moja hapa Mombasa, baada ya swala ya isha, nikae kati ya mwenye nyumba na mpangaji wake. Sikuitwa kwa kuwa nina ilmu nyingi, bali kwa kuwa nakaa karibu na najua kuandika hesabu. Mpangaji alikuwa kijana mwalimu, mwenyeji wa visiwa vya Lamu, amekaa na mkewe na mtoto wao mdogo miaka mitatu katika chumba na sebule vilivyokuwa na vyombo vyake: kitanda na godoro, kabati la nguo, meza, viti vinne, mapazia na feni. Kodi ilikuwa shilingi 8,000 kwa mwezi, na alipoingia aliweka kodi ya miezi miwili, yaani shilingi 16,000, ziwe dhamana ya vile vyombo. Sasa amehamishwa kikazi na anataka pesa zake.

Mwenye nyumba, mzee mtu wa safu ya kwanza msikitini, akatoa karatasi. Kabati, 9,000. Godoro, 6,000. Kiti kimoja, 1,500. Mapazia, 2,000. Rangi ya kuta, 3,000. Jumla 21,500. Kwa hivyo si kwamba mwalimu harudishiwi kitu tu, bali anadaiwa shilingi 5,500 juu yake, na asipolipa mkokoteni hauondoki.

"Ami," akasema yule kijana, kwa adabu kabisa, "kabati hili si mimi niliyelivunja."

"Mwanangu, wewe ulilikuta zima. Mimi nililinunua kwa pesa zangu."

"Ulilinunua lini, ami?"

Mzee hakujibu. Mkewe, aliyekuwa nyuma ya pazia la mlango, ndiye aliyejibu kwa sauti ndogo kwamba lilinunuliwa mwaka alioolewa binti yao mkubwa. Binti huyo leo ana mtoto wa darasa la sita.

Nikaomba taa, nikaingia kutazama kitu kimoja kimoja. Kabati lilikuwa limeliwa ubao wote wa nyuma, na walioula ni mchwa, si mwalimu. Njia yao ya udongo ilionekana wazi ikipanda kutoka sakafuni, katika ukuta ule unaolowa maji ya choo cha juu. Hapo pana mas-ala moja ya kuuliza: je, mpangaji aliwaona mchwa akanyamaza? Akinyamaza amezembea. Lakini mkewe mwalimu alikuwa amekwisha kumwambia mke wa mzee tangu Ramadhani ya mwaka wa kabla yake, na mama wa watu, Mungu amlipe kheri, hakukana. Alisema, "Ni kweli, niliambiwa, nami nikamwambia bwana." Basi kabati likatoka katika hesabu.

Mapazia yalikuwa yamepauka upande wa dirisha. Jua la pwani halikodishwi na mtu, nayo yakatoka. Kiti, mwalimu mwenyewe alikiri: alisimama juu yake kufunga taa, mguu ukavunjika. Hilo ni lake, lakini kiti hakikufa. Fundi seremala wa mtaani alikitazama akasema shilingi 400 kitasimama kama zamani. Ya nini basi 1,500? Godoro lilikuwa limebonyea katikati, na kubonyea ni kazi ya godoro, lakini lilikuwa pia na doa kubwa la mkojo wa mtoto, na hilo si kazi ya godoro. Tukamwuliza muuza vitu vya mkono wa pili, godoro la umri ule bila ya doa lingeuzwa kiasi gani? Akasema 1,000, na kwa lile doa hapana atakayeligusa. Basi ni 1,000. Na kuta, baada ya miaka mitatu kuta zote huchakaa, ila palikuwa na weusi wa moshi pembeni mwa sebule pale walipokuwa wakiweka jiko la makaa. Fundi rangi akasema 800 kupafuta mahali pale. Mwalimu akasema walipika ndani kwa sababu jiko la uani lilikuwa likivuja masika yote na halikutengezwa. Nilimhesabia zile 800, naye akakubali ili yaishe, lakini mpaka leo nafsi yangu haijatulia kama nilihukumu sawa.

Jumla 2,200. Nikasema, "Mzee, mrudishie kijana 13,800, na hamali aende zake, usiku umeingia."

Mzee akainamisha kichwa kitambo kirefu. Kisha akasema neno ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu: "Pesa zenyewe hazipo."

Zilikuwa zimekwisha kutumika mwaka ule ule zilipowekwa. Nusu zilikwenda katika karo, na nusu katika harusi. Hakuziiba kwa nia ya wizi, alisema atazirudisha mwezi ujao, na mwezi ujao ukawa miaka mitatu. Siku mpangaji alipotoa notisi, mzee alijua hana cha kumpa, na tangu siku ile macho yake yakaanza kuona mikwaruzo. Kabati ambalo alikuwa akilipita kila siku bila ya kulitazama likawa limeharibiwa. Mapazia yakawa mali. Ndugu zangu, kilichoharibika katika nyumba ile hakikuwa kabati. Na nyumba za namna hii si moja wala si kumi.

Sasa tutazame sheria yetu inasemaje, kwani watu hudhani kwamba mambo haya ni ya mahakama za kizungu na kwamba dini haina neno juu ya godoro. Katika Minhaj ya Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra (1277), kitabu ambacho masheikh wetu wa pwani wamekisomesha kizazi baada ya kizazi, mas-ala yenyewe yamo katika mlango wa ijara. Mkono wa aliyekodi ni mkono wa amana muda wote wa ijara, na hata baada ya muda kwisha kwa kauli iliyo sahihi zaidi. Mfano uliotajwa ni mnyama na nguo, lakini hukumu hiyo ndiyo ya kitanda na kabati. Maana yake ni kwamba kitu kikiharibika mkononi mwake, naye hakuvuka mpaka wala hakuzembea, halipi. Kodi aliyokuwa akitoa kila mwezi ndiyo thamani ya yale matumizi, na katika matumizi kitu huchakaa. Ukichukua kodi ya kulaliwa godoro, kisha ukachukua tena pesa kwa kuwa godoro limelaliwa, umeuza kitu kimoja mara mbili.

Akivuka mpaka ndipo hulipa, na mifano yake imo mle mle: aliyempiga mnyama kupita ada, aliyempandisha mtu mzito kuliko yeye, na aliyekodi nyumba ya kukaa kisha akamweka humo mhunzi au dobi wa zamani yule aliyekuwa akizitwanga nguo. Kwa nini hawa wawili? Kwa sababu nyundo na mtwangio hutikisa kuta, na nyumba haikukodishwa kwa hayo. Mfano huu ni wa karne nyingi, lakini uko hai. Aliyekodi chumba cha kulala akaweka mashine ya kuchomea vyuma, au akakaanga humo viazi karai vya kuuza kila jioni mpaka dari ikawa kama tanuri, huyo ndiye mhunzi wa leo, na alipe wala asilie.

Na wakihitilafiana, mmoja akisema "umevunja" na mwengine akisema "sikuvunja"? Mwenye kudai ndiye mwenye kuleta ushahidi, na mwenye kukana huapa. Mwenye amana husadikiwa kwa kiapo chake katika lile lililoharibika pasi na kosa lake. Haisemwi popote kwamba husadikiwa mwenye nyumba kwa kuwa ana umri mkubwa, au kwa kuwa pesa tayari ziko mfukoni mwake.

Kisha liko hili la thamani, ambalo ndilo watu wengi hulikosea hata wakiwa na nia safi. Aliyeharibu kitu cha mtu hulipa mfano wake kama kina mfano, kama vile mchele kwa mchele, na kama hakina mfano hulipa thamani yake, na ikiwa kimepungua tu hulipa kile kilichopungua. Samani iliyotumika haina mfano sokoni, kwani hapana makabati mawili yaliyochakaa sawasawa. Basi huhesabiwa thamani yake kama ilivyokuwa kabla ya kuharibika, si bei ya dukani ya leo. Mwenye godoro la miaka saba akidai godoro jipya, hakufidiwa, amefanya biashara, na biashara yenyewe upande wa pili haukuridhia. Mwenyezi Mungu ametukataza kula mali zetu baina yetu kwa njia ya batili, na katika Suratul Mutaffifin amewatisha wale ambao wakipimiwa hutaka kamili na wakiwapimia wenzao hupunguza. Je, mtu ambaye kodi aliitoza kwa kitanda kikuukuu na fidia anaitoza kwa kitanda kipya, tumweke katika fungu gani?

Wala sheria ya nchi haiko mbali na haya. Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012, katika kifungu cha 66, inamtaka mpangaji airudishe nyumba kama alivyoikuta, lakini inamtoa katika dhima ya uchakavu wa matumizi ya kawaida, na ya moto au mafuriko au ajali isiyotokana na uzembe wake. Hiyo yazungumza juu ya ardhi na majengo, lakini ikiwa kuta zenyewe zina haki ya kuzeeka, godoro halina?

Watu wengine hujikinga kwa karatasi. Huandika katika mapatano kwamba mpangaji atalipa kila kitakachoharibika kwa sababu yoyote ile, na vyombo virudi vipya. Kisha husema, "Aliweka sahihi mwenyewe." Ni kweli kwamba Waislamu hufuata masharti yao, lakini si sharti linalohalalisha haramu. Wanavyuoni wa madhhabi yetu hawalikubali sharti la kumfanya mwenye amana awe mdhamini wa kila hali, nao wengi wa madhhabi nyengine wako pamoja nao katika hili. Kijana anayetafuta chumba mwezi wa kwanza wa kazi huweka sahihi juu ya lolote. Hiyo sahihi yake ni dhiki, si ridhaa.

Turudi kwenye zile pesa. Pesa za dhamana zikiwekwa mkononi mwa mwenye nyumba, mwenyewe ni nani? Ni mpangaji. Zimewekwa mfano wa rehani, na rehani katika madhhabi ya Imamu Shafi ni amana mkononi mwa aliyeishika, si mali yake, na hana ruhusa ya kuitumia bila ya idhini ya mwenyewe. Akiruhusiwa kuzitumia, basi zimekuwa deni shingoni mwake, atazilipa zote siku yake ifikapo, kabati zima au kabati bovu, kisha hesabu ya kabati ifanywe mbali. Katika njia zote mbili hapana njia ya tatu ya kusema "zimeshaingia katika matengenezo". Huyu mpangaji ana amana yake ya vyombo, na wewe mwenye nyumba una amana yako ya pesa. Wewe wamhesabia mikwaruzo ya amana yako, na yeye amana yake umekwisha kuila. Aya ya 58 ya Suratun Nisaa, inayoamrisha amana zirudishwe kwa wenyewe, haikusema ni wapangaji peke yao walioamrishwa.

Najua jawabu litakaloletwa. Mtasema, wapangaji wa siku hizi hawana haya. Na ni kweli wako. Yuko anayehama saa nane za usiku na kodi ya miezi miwili juu yake. Yuko anayeligeuza godoro chini juu siku ya kukaguliwa ili doa lisionekane, na anayetandika kitambaa cha mezani juu ya alama ya pasi ya moto, na anayeubandika mguu wa kiti kwa gundi usimame mpaka yeye afike barabarani. Huyo ni mwenye khiyana, na asidhani kwamba maneno yetu haya yamemtetea. Aliyeharibu kwa bahati mbaya akasema, ana deni la shilingi chache. Aliyeharibu akaficha, amechanganya deni na udanganyifu, na mwenye nyumba anayemhadaa huenda ni mjane ambaye chumba kile kimoja ndicho kinachompa unga na mafuta. Wako wajane wengi wa namna hiyo katika miji yetu, wanaokodisha chumba na vyombo vya marehemu mume wao, na kila kikombe kina kumbukumbu yake. Mimi nisemapo juu ya wenye nyumba siwakusudii hao, ingawa hukumu ya godoro ni moja.

Lakini wezi hao wa usiku hawamhalalishii mtu kumnyang'anya mwalimu aliyesimama mlangoni mchana na risiti zake mkononi. Kwani huyu ndiye anayekatwa, ndugu zangu! Yule mkorofi amekwisha kukimbia, hakatwi kitu. Anayelipia makosa yake ni mstaarabu anayekuja baadaye, kwa sababu yeye hapigi kelele.

Liko jambo jengine linalochanganya watu wenye nia njema, nalo ni vitu vya kuazimana. Mara nyingi mpangaji amekwisha kukaa, akawa kama mtu wa nyumbani, na mke wa mwenye nyumba humpa cherehani, au feni ya ziada wakati wa joto, au meza ya kusomea mtoto. Hivi havikuwamo katika kodi. Hivi ni ariya, na ariya katika madhhabi yetu si kama ijara: aliyeazima hudhamini kitu kikipotea au kikiharibika hata kama hakuzembea, isipokuwa kile kilichochakaa kwa matumizi aliyoruhusiwa. Asili yake ni zile deraya ambazo Mtume s.a.w. alimwazima Safwan bin Umayya wakati wa vita vya Hunayn, mwaka wa 8 wa Hijra (630). Safwan aliuliza kama zinachukuliwa kwa nguvu, naye Mtume akamjulisha kwamba ni kuazima kwenye dhamana. Basi mpangaji asije akasema "mimi nina amana tu" juu ya cherehani ya watu iliyoanguka ngazini. Na mwenye nyumba asitie cherehani na kitanda katika kapu moja. Ni heri siku kitu kinapotolewa kisemwe: hiki ni cha chumba, na hiki nimekuazima.

Na iko khabari nyengine katika hadithi, ya sahani. Mtume s.a.w. alikuwa katika nyumba ya mmoja wa wakeze, na mke mwengine akamtuma mtumishi na sahani ya chakula. Mwenye nyumba kwa wivu akampiga mtumishi mkono, sahani ikaanguka ikavunjika. Mtume akakusanya vipande na kile chakula, akamtolea udhuru mkewe mbele ya wageni, kisha akamzuia yule mtumishi asiondoke mpaka ikaletwa sahani nzima, akaenda nayo, na ile iliyovunjika ikabaki katika nyumba ilimovunjiwa. Watu huisoma khabari hii kwa ajili ya wivu, lakini mimi kila nikiisoma naona lile la mlangoni. Hakukuwa na makelele, wala hakuna aliyeitwa mharibifu. Na mtumishi hakuondoka na maneno ya "tutaonana mwezi ujao". Mambo yalikwisha palepale, kabla mguu haujavuka kizingiti.

Sisi tungefanyaje? Mambo haya hayaharibiki siku ya kuhama, yanaharibika siku ya kuingia. Mtu hukabidhiwa ufunguo barazani, kwa tabasamu na kahawa, na kila mmoja huona haya kuuliza juu ya viti. Haya hiyo ni adui. Mwenyezi Mungu alipoamrisha deni liandikwe na washuhudie watu, katika aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qurani, hakutaka tuwadhanie vibaya wenzetu, bali ametulinda tusidhaniane vibaya baadaye. Waingie wote wawili chumbani mchana, si usiku kwa taa ndogo, na wawe na watu wawili wa kushuhudia. Na wasiandike "kabati 1, viti 4" kama karani wa ghala, kwani karatasi ya namna hiyo haisaidii kitu. Waandike kabati la mwaka gani, na mlango upi hausimami sawa, na ubao wa nyuma uko vipi, na godoro limetumika muda gani, na ukuta upi unalowa. Siku hizi kila mtu ana simu yenye kupiga picha, basi picha zipigwe na kila mmoja abaki nazo. Lau ubao wa nyuma wa lile kabati ungetazamwa siku ile ya kwanza, mzee asingepata pa kuanzia.

Na mchwa wakionekana, au maji yakianza kushuka, mpangaji aseme siku ile ile, na aseme mbele ya mtu au kwa maandishi, na mwenye nyumba akiambiwa atengeneze. Kabati letu hili la pwani lina maadui wa kutosha: chumvi ya bahari hula bawaba, unyevu wa masika hufura mbao, hasa hizi za siku hizi za unga uliogandamizwa ambazo zikinywa maji mara moja hazirudi tena. Mwenye kutaka samani isichakae na aifungie stoo, lakini asiitoze kodi.

Ama zile pesa za dhamana, ushauri wangu ni mwepisi kusema na mzito kutenda: zisikae nyumbani. Wakubaliane mtu wa tatu mwaminifu azishike, au ziwekwe mahali ambapo haziguswi ila kwa wote wawili. Mwenye nyumba asiyejiamini na pesa ya mwenziwe asizichukue kabisa, na si aibu. Mimi mwenyewe singejiamini nazo mwezi wa karo.

Mtasema nimelikuza jambo dogo, ni shilingi elfu kumi na tatu tu. Sikilizeni khabari aliyotuachia Mtume s.a.w. juu ya mufilisi wa kweli, yule atakayekuja siku ya Kiyama na swala zake na saumu zake na zaka zake, kumbe amemtukana huyu na amekula mali ya yule, basi wakagawiwa mema yake mpaka yakaisha, kisha wakamtwika maovu yao. Hakutajwa mlevi wala asiyeswali. Ametajwa mtu wa safu ya kwanza.

Yule mwalimu alikubali alipwe kidogo kidogo, shilingi 4,600 kwa miezi mitatu, kwani Mungu ameagiza mdaiwa mwenye dhiki apewe muhula, na mdaiwa sasa alikuwa ni mzee. Mkokoteni uliondoka saa nne za usiku. Awamu mbili za kwanza zilifika kwa tabu na kwa kukumbushwa. Ya tatu aliileta mke wa mzee mwenyewe nyumbani kwangu, siku ya Ijumaa, imefungwa katika leso pamoja na kipande cha mkate wa sinia, niipeleke kwa mwenyewe.

Chumba kimekwisha kupata mpangaji mwengine. Kabati bado limo, limeegemea ukuta ule ule. Nimeuliza mara mbili kama safari hii wameandikiana, na mara zote mbili mzee amenijibu kwamba huyu mpya ni mtoto wa watu, hapana haja.